Sura ya 4: Manowari Isiyofika Ufipa

Ukikaa na watu Sumbawanga au Matai na mazungumzo yakafika kwenye magofu ya boma la Mjerumani pale Kasanga, haichukui muda mtu atauliza: vita vya manowari vilifikaje huku, wakati bahari iko mbali kiasi hicho? Swali lina uzito. Kutoka delta ya Rufiji hadi Kasanga ni kilomita kama 900 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo hakuna anayeweza kuufuata. Kisha unakuja uwanda wa juu wa Ufipa wenyewe, ambao sehemu kubwa umepita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kufika Kasanga unashuka tena zaidi ya mita 1,000 mpaka kwenye maji ya Ziwa Tanganyika.

Wengi hujibu kwa kuitaja Liemba. Si jibu baya, ila linaanzia katikati ya hadithi. Liemba ilikuja ziwani ikiwa meli ya abiria na mizigo. Mzinga uliotisha watu juu yake ulitoka kwenye meli nyingine, meli ya Kijerumani iliyonaswa Rufiji. Na aliyeinasa meli hiyo ni meli ya tatu, kruza nyepesi ya Kiingereza iliyoitwa HMS Chatham. Hiyo haikuwahi kukaribia Ufipa, wala isingeweza. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndiyo ya kuanza nayo. Tutaifuata tangu iliposhushwa majini hadi ilipouzwa chuma chakavu, na njiani tutateremka Kasanga, maana huko ndiko sehemu ya matokeo ya kazi yake yalikoibukia.

Kruza nyepesi ni chombo gani?

Manowari ni meli yoyote ya vita, lakini meli za vita zina daraja zake. Miaka 100 na zaidi iliyopita, daraja la juu lilikuwa la manowari kubwa za deraya, yaani zilizovikwa mabamba mazito ya chuma ili kombora lisipenye. Zilibeba mizinga mikubwa mno, zilikuwa ghali, na serikali zilizimiliki kwa uangalifu mkubwa, zikiogopa kuzipoteza. Kruza ni daraja la chini yake: ina mbio, inakwenda mbali, na ina silaha za kutosha kumtisha mfanyabiashara au kupambana na kruza mwenzake. Ikiitwa nyepesi, maana yake ni kwamba deraya yake ni chache. Tofauti hiyo ni kama ya lori la mahindi na pikipiki kwenye barabara ya Kasanga: lori ndilo lenye nguvu, lakini ukitaka mtu awahi kupeleka habari Matai, hutumi lori.

Chatham ilijengwa katika karakana ya serikali kwenye mji wa Chatham, kusini-mashariki mwa Uingereza, na ndipo ilipopata jina. Herufi HMS zinazotangulia zinamaanisha tu kwamba ni meli ya Mfalme wa Uingereza. Ilishushwa majini tarehe 9 Novemba 1911 na ikaanza kazi mwishoni mwa 1912. Urefu wake ulikuwa karibu mita 140, takriban mara mbili ya Liemba. Uzito wake ulizidi tani 5,000. Ilikuwa na mizinga minane yenye mdomo wa milimita 152, kila kombora likiwa na uzito wa kilo 45 hivi, kama gunia dogo la nafaka. Kasi yake ilikuwa noti 25 na nusu. Noti ni kipimo cha mwendo wa majini, na hiyo ni sawa na kilomita 47 kwa saa.

Mara nyingi watu husahau makaa ya mawe. Meli ya namna hii ilikula makaa mchana na usiku, na ghala zake zilimeza zaidi ya tani 1,000. Kila akiba ilipopungua, mabaharia walishika koleo na magunia na kuyapakia upya, wakitoka humo weusi kuanzia utosini. Katika watu 475 hivi waliokuwemo, wengi hawakuwa wapiga mizinga bali watu wa tanuru na mitambo. Kruza isiyo na makaa haina maana, na jambo hilo ndilo litakalotufikisha Rufiji.

(Kwa msomaji wa Ufipa, chuma na moto si habari ngeni. Miaka ileile Chatham inaundwa, mafundi wa Kifipa walikuwa bado wanayeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo yenye urefu unaomzidi mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, ndipo kikawa jembe au shoka.)

Asubuhi ya Zanzibar

Juni 1914 kruza nyepesi ya Kijerumani iitwayo Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilitia nanga Dar es Salaam. Ilikuwa ndogo kuliko Chatham na ya zamani kidogo, ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105. Siku chache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza iliondoka bandarini, isije ikafungiwa humo.

Tarehe 8 Agosti 1914 kruza kuukuu ya Kiingereza, HMS Astraea, iliishambulia Dar es Salaam ikilenga mtambo wa simu ya upepo. Wajerumani, wakihofia Waingereza watauteka mji, waliizamisha wenyewe meli yao ya upimaji, Möwe. Mabaharia wake, wakiongozwa na Gustav Zimmer, wakawa hawana chombo. Walipanda treni ya reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huohuo, wakaenda kuwa mabaharia wa ziwa. Kabla hata Königsberg haijapiga kombora Zanzibar, kruza ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuwasukuma mabaharia wa bahari kuu hadi Ziwa Tanganyika.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ilitokea Zanzibar. Bandarini palikuwa na HMS Pegasus, kruza ya zamani ya Kiingereza, mitambo yake ikiwa katika matengenezo. Königsberg ilisimama mbali, mahali ambapo makombora ya Pegasus hayafiki, ikaipiga hadi ikawa haifai. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa. Makaburi yao yako Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Zanzibar, na wageni wanaokwenda kuogelea huko huyapita.

London ilihamaki. Kruza tatu nyepesi zikapewa kazi moja, kuitafuta Königsberg mpaka ipatikane: Chatham, Dartmouth na Weymouth. Chatham ilitokea Bahari ya Shamu, ikiongozwa na Kapteni Sidney Drury-Lowe.

Kuvizia kwenye mikoko

Kumtafuta adui baharini ni kazi ya kuchosha kuliko sinema zinavyoonyesha. Unaingia ghuba, unatoka. Unasimamisha jahazi, unauliza. Oktoba 19 watu wa Chatham waliikagua meli ya Kijerumani iliyokuwa imefichwa Lindi, ikidaiwa kuwa ya hospitali. Nyaraka zilizopatikana zikawa na habari waliyoitaka: makaa yalikuwa yakipelekwa Salale, ndani ya delta ya Rufiji.

Delta ni mahali mto unapogawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini. Ya Rufiji imefunikwa msitu mnene wa mikoko, na vijito vyake hubadilika kina kila maji yanapojaa na kupwa. Königsberg ilikuwa imeingia humo kwa sababu mtambo wake ulivunjika mara baada ya mapigano ya Zanzibar. Vipuri vilibebwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam vikatengenezwe. Wajerumani waliupima mto huo kabla ya vita. Waingereza hawakuwa na ramani ya kuaminika.

Tarehe 30 Oktoba kikosi kidogo kutoka Chatham kilishuka pwani. Wakazi wa huko wakawaambia kwamba kuna meli mbili juu, Salale. Baadaye waangalizi waliopanda juu ya mlingoti waliona ncha za milingoti mingine ikichomoza juu ya mikoko. Mchezo wa kujificha ukaishia hapo. Vitabu vingi humpa sifa kapteni. Mimi ningeanza na yule mkazi wa delta aliyenyoosha kidole, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kumwona adui na kumfikia ni mambo mawili. Chatham ilizama karibu mita tano ndani ya maji, hivyo ingekwama mchangani kabla ya kukaribia. Makombora yake yakaanguka mbali, ingawa iliweza kuichoma Somali, meli iliyokuwa ikimpelekea Königsberg mahitaji. Königsberg ikapanda zaidi mtoni. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli ya makaa, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili iwe kizuizi. Walileta ndege. Kisha wakakaa nje kulinda, wiki baada ya wiki, katika joto na malaria, wakila makaa ya Mfalme bila kufyatua lolote la maana.

Hapo ndipo maisha halisi ya kruza yanapoonekana. Chatham haikuizamisha Königsberg. Ilichofanya ni kuigeuza kutoka tishio la Bahari ya Hindi nzima hadi meli yenye homa na upungufu wa makaa katikati ya mikoko. Waliokuja kuimaliza walikuwa Severn na Mersey, meli za kivita zenye tumbo bapa zinazoweza kupita maji mafupi. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai zikafaulu. Chatham wakati huo ilikwisha kuondoka, imeitwa Mediterania.

Kwa ufupi: Astraea iliwafukuza mabaharia wa Möwe waende ziwani, Chatham na wenzake wakaifungia Königsberg mtoni, meli za maji mafupi zikaiua. Mizinga yake haikufa nayo.

Mzinga unapanda treni

Looff na watu wake waliitoa mizinga yote 10 kwenye gofu la meli. Wapagazi na mabaharia waliikokota hadi Dar es Salaam, ambako mafundi waliitengenezea magurudumu. Kwa jeshi la Wajerumani ndani ya koloni, lililokatiwa njia ya bahari na meli hizohizo za Kiingereza, hiyo ilikuwa silaha nzito kuliko zote walizokuwa nazo. Ikagawanywa sehemu mbalimbali. Mmoja ulipandishwa treni kwenda Kigoma.

Huko ulikuta meli mpya. Graf von Goetzen, ndiyo Liemba ya baadaye, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Ilipowekewa mzinga wa Königsberg ikawa chombo chenye nguvu kuliko vyote Ziwa Tanganyika, na ziwa lenyewe likawa barabara ya Wajerumani. Tangu mwishoni mwa 1914 walikuwa wameshaharibu meli ya Kiingereza Cecil Rhodes huko Kituta, upande wa kusini, katika Rodesia ya Kaskazini. Kasanga, ambayo wao waliiita Bismarckburg, ilikuwa boma lao la kusini na makao ya wilaya iliyojumuisha Ufipa.

Waingereza wakajibu kwa jambo ambalo nalo lingepaswa kuwa na sura yake. Walituma boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, zikakokotwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba, kisha mto na reli tena hadi upande wa Kongo wa ziwa. Kamanda wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majigambo mengi. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Siku iliyofuata Goetzen ilipita mbele yao na Spicer-Simson akakataa kuishambulia. Wenzake walimlaumu kwa miaka mingi. Sioni sababu ya kumlaumu sana: boti ya mita 12 kukabiliana na mzinga wa kruza si ujasiri, ni kujitolea sadaka.

Kasanga, Juni 1916

Katikati ya 1916 Waingereza walivuka mpaka kutoka Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Safu ya Luteni Kanali Murray ilipita nchi kavu kuelekea Kasanga. Spicer-Simson alipewa kazi ya kuziba mlango wa ziwani, ili Wajerumani wakibanwa wasikimbie kwa maji.

Alipofika mbele ya Kasanga aliona boma juu ya maji na mizinga ikimtazama. Akaona ni hatari, akarudi nyuma hadi Kituta. Wajerumani wakaingia katika vyombo vidogo wakaondoka salama. Tarehe 8 Juni Murray aliingia katika boma tupu, na inasimuliwa kwamba hasira yake ilikuwa kubwa: mizinga iliyomtisha mwenzake ilikuwa ya mbao.

Kisa hicho hufanya watu wacheke, ila kina mantiki yake. Karibu na wakati huohuo mzinga wa kweli wa Königsberg ulishaondolewa juu ya Goetzen, kwa kuwa jeshi la nchi kavu liliuhitaji zaidi, na mahali pake pakawekwa mwigo wa mbao. Kwa hiyo mwaka ule Ziwa Tanganyika lilikuwa likilindwa na magogo kaskazini na kusini, na magogo yakafanya kazi kwa sababu kila mtu alijua mizinga ya bahari ilikuwa imefika ziwani. Hofu iliyotengenezwa Rufiji ilitosha kuwaokoa watu Kasanga.

Kwa Wafipa habari hazikuwa za kuchekesha hata kidogo. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo katika nchi ya chini, kwa hiyo jeshi la upande wowote lilisafiri juu ya vichwa vya watu. Unga, risasi, mahema, vyote vilibebwa. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi upande huu wa mpaka na ule, na chakula cha askari kilitoka katika ghala za ulezi na mazizi ya wanakijiji. Katika Afrika Mashariki nzima wapagazi waliokufa vitani, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yenye majina. Wapagazi walio wengi hawana.

Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na Kigoma. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo mafuta mazito ili isishikwe na kutu.

Na Chatham je?

Siku Murray anaingia Kasanga, Chatham ilikuwa katika matengenezo Uingereza. Hivi ndivyo maisha yake yalivyokwenda baada ya Rufiji:

- 1915: ilipiga mizinga kusaidia wanajeshi walioshuka Gallipoli, Uturuki.
- 26 Mei 1916: ilikanyaga bomu la kutegwa majini karibu na pwani ya mashariki ya Uingereza, ikavutwa hadi mji ilikozaliwa.
- 1920 hadi 1924: ilikopeshwa kwa New Zealand, ikawa meli kuu ya jeshi dogo la majini la nchi hiyo.
- 1924 hadi 1925: ilihudumu tena Bahari ya Hindi.
- Julai 1926: iliuzwa ikavunjwe Pembroke Dock, Wales.

Angalia ile tarehe ya Mei 1916. Siku tano baadaye ilipiganwa Jutland, vita kubwa kuliko zote za manowari katika vita ile, ambamo watu zaidi ya 8,000 walikufa. Chatham, iliyojengwa hasa kwa siku kama ile, haikuwepo kwa sababu ya shimo la bomu. Huenda shimo hilo ndilo lililowaokoa watu wake. Jumla yake, katika miaka 13 ya utumishi, siku ambazo kweli ilipigana ni chache. Nyingine zote ni doria, makaa, kupaka rangi, kusubiri na kuonyesha bendera. Kuonyesha bendera ni kutembelea bandari ili wenyeji na majirani waone kwamba mwenye nguvu yupo. Wengi hushangaa wakiambiwa meli ya gharama kubwa hivyo ilidumu miaka michache kuliko basi nyingi za mikoani. Lakini teknolojia ilikuwa inakimbia. Kufikia 1926 makaa yalikuwa yanapisha mafuta, na meli ya 1911 ilikuwa mzee asiye na kazi.

Cha kuona leo

Chatham yenyewe haikuachwa. Anayetaka kuona kruza nyepesi ya Kiingereza ataikuta HMS Caroline, ya 1914, katika mji wa Belfast, au HMS Belfast, ya miaka ya 1930, iliyotia nanga mto Thames, London. Karibu zaidi na nyumbani ni Fort Jesus, Mombasa, ambako pamewekwa mzinga wa Königsberg pamoja na wa Pegasus, maadui wawili wa ile asubuhi ya Zanzibar. Mzinga mwingine wa Königsberg uko Pretoria.

Goetzen nayo iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924. Mafuta ya wale mafundi yalikuwa yamefanya kazi yake, na mitambo ikatengenezeka. Ilianza tena safari Mei 1927 kwa jina la Liemba, miezi 10 baada ya Chatham kuuzwa, na kwa miongo mingi ilikuwa ikipita Kasanga katika safari zake za Mpulungu ikiwa na abiria, dagaa na magunia ya mahindi. Mzinga haujarudishwa.